Jina Letu Likiimbwa Mtaani

Jina langu sitaliandika hapa. Si kwamba najificha. Jina lenyewe si langu peke yangu, na wale ninaolichangia nao hawajanipa ruhusa. Ukisimama katikati ya gulio la Mvumi ukaliita kwa sauti, watageuka wauza dagaa, watageuka wauza nyanya, na ajuza mmoja kiziwi naye atageuka kwa kuwa ameona wenzake wamegeuka. Kijijini kwetu tuko wengi mpaka watu wametuwekea alama: yupo wa msikitini, yupo wa kisimani, yupo mweupe, yupo wa mwalimu. Huyo wa mwalimu ndiye mimi. Mwalimu mwenyewe nilikuwa mimi, marehemu mume wangu alikuwa mkulima wa mpunga, hata ubao hakuwahi kuufuta. Lakini watu bwana! Mwanamke akishika chaki, wanamtafuta mwanamume aliyemshikisha.

Hata mbuzi alikuwepo wa jina letu. Jirani yangu mmoja alikosana na mama mkwe wake, akaona kujibizana naye ni utovu wa adabu, basi akampa mbuzi wake jina la yule mama. Jioni akimrudisha kutoka malishoni utamsikia: "Wewe, mlafi mkubwa wewe! Kula huchoki, maziwa huna, kelele nyumba nzima!" Na jina analitaja lote, kwa herufi kubwa. Mama mkwe yuko barazani kwake, anasikia. Atasema nini? Akilalamika ataambiwa, "Mama, mimi naongea na mbuzi." Na kwa kuwa mama huyo alikuwa somo wangu, nami nikawa napata fungu langu la matusi bila kosa lolote. Tulicheka sana. Kwetu bondeni ndivyo watu wanavyosemana. Mwenye neno lake halirushi usoni kwa mtu, hulitupa pembeni, anayehusika akaokota mwenyewe. Nayasema haya mapema ili ieleweke masikio yangu yalikuwa yamefundishwa kusikia nini.

Mwanangu ni mmoja tu. Anaziba matairi ya malori pale Mikumi, kando ya barabara kuu. Mke alimchukua Magomeni, ile Magomeni ya hapo Kilosa mjini, si ile ya Dar. Nayo pia imekopa jina la watu. Babu zake yule binti walikuja zamani kukata mkonge na kutengeneza reli, kila mmoja na kabila lake na dini yake, wakapangwa kambini, nyumba ukuta kwa ukuta. Watu waliokaa namna hiyo hawana nafasi ya mafumbo. Kama una jambo unalisema, jirani anasikia, yanaisha, mnaazimana chumvi. Mwanzoni aliniogopesha. Siku ya kwanza aliponisalimia, "Shikamoo mama," nikajibu, "Marahaba," akaniuliza hapo hapo kama nywele zangu nazipaka rangi. Nilimtazama mwanangu. Mwanangu akatazama dari.

Alipojifungua mtoto wa kwanza, wa kike, mwanangu akampa jina langu. Ndiyo mila, na nisiwe mnafiki, nilifurahi mpaka nikalia. Sasa mkamwana na jina la mama mkwe ni vitu visivyokaa pamoja. Hawezi kulitamka kwa kumkaripia mtoto, wala kwa kumtuma dukani. Kwa hiyo mtoto akawa anaitwa "bibi" na mama yake mzazi. "Bibi, kaoge. Bibi, acha kula udongo." Na mimi je, nimwite mkamwana wangu nani? Wanawake wenzangu wanawaita wake wa watoto wao Mama Fulani, lakini mimi nikimwita hivyo ni kama nasema yeye ndiye kanizaa. Nikamwita Mama Somo. Mtoto mwenyewe nilimwita somo, naye akaniita somo. Tulipokuwa pamoja ungedhani ni mashoga wawili wa rika moja, tofauti meno tu, na kwa meno nako tulikuwa tunalingana, maana yake ya mbele yalikuwa yameanguka na yangu hali kadhalika.

Mwaka jana sukari ikanizidi. Nilianguka jikoni kwangu Mvumi, nikalala pale chini mpaka kijana wa kuleta kuni akanikuta. Mwanangu akaja na gari la kukodi, akafunga mlango wangu kwa kufuli, akaniambia, "Mama, mambo ya kukaa peke yako yamekwisha." Nikabisha kidogo kwa heshima. Moyoni nilikuwa nimechoka kukaa peke yangu.

Nyumba yake iko nyuma ya barabara. Malori yanapita kutwa, yakifunga breki unadhani yanaingia sebuleni. Nyani ndio majirani wakorofi. Ukigeuka tu, ugali umekwenda. Nikapewa chumba cha somo wangu, aliyekuwa darasa la kwanza, tukalala kitanda kimoja, yeye ukutani, mimi pembeni. Mkamwana wangu alikuwa akipikia madereva chakula pale barabarani, lakini kabla hajatoka alihakikisha nimekunywa uji na dawa. Alinitunza. Siwezi kumsingizia.

Kisha nikakojoa kitandani.

Nimeliandika, limetoka. Nilikaa na kalamu mkononi muda mrefu kabla ya sentensi hiyo. Mtu aliyefundisha watoto wa watu kunawa mikono, aliyesimamisha madarasa mazima kwa jicho moja, aliamka alfajiri akakuta amelowa kuanzia kiunoni hadi magotini, na godoro la sponji limekunywa lote. Nilidhani ni ajali. Ikarudi. Sukari ina mambo yake, nadhani ndiyo iliyokuwa ikinifanyia vile, lakini sikumuuliza mtu. Pale kliniki muuguzi alikuwa binti niliyemfundisha a, e, i, o, u. Nimwambie yeye? Afadhali nife.

Nikawa naamka kabla ya adhana. Navua shuka polepole, nalifua bafuni, nageuza godoro upande wa pili, natandika kanga kavu. Matambara niliyojifunga nayaficha kwenye begi langu la safari. Somo wangu alikuwa amelala fofofo, uso ukutani. Au ndivyo nilivyodhani.

Nilichokiogopa ni kitu kimoja: mkamwana wangu asije akajua. Mwanangu angejua, ningeona aibu, lakini nilimtawaza mimi, deni hilo lipo. Mjukuu ni mtani wangu. Ila mkwe! Mkwe hata ukipiga chafya mbele yake unageuza uso. Mwanamke akishajua mkojo wa mama mkwe wake, ile shikamoo anayompa asubuhi itakuwa na nini ndani yake? Hilo ndilo lilikuwa linaninyima raha kutwa nzima.

Asubuhi moja nimekaa chumbani na kikombe cha uji, nikasikia sauti yake uani. Analitaja jina langu. Kavu, bila bibi, bila mama, jina kama lilivyo. Tangu mtoto azaliwe sikuwahi kulisikia kinywani mwake.

"Mtu mzima mzima unakojoa kitandani! Huoni aibu? Godoro limeoza, chumba kinanuka, mgeni akiingia nitamwambia nini? Na hilo jina la watu unalichafua!"

Kikombe nilikiweka chini. Nikachungulia. Somo wangu amesimama mbele ya mama yake, kichwa chini, kidole gumba cha mguu kinachora mchanga. Hakujibu neno. Mbuzi wa jirani yangu naye hakuwa akijibu.

Nikaelewa. Yaani nilidhani nimeelewa. Kumbe huyu binti wa Magomeni kajifunza lugha yetu! Kasikia harufu, kajua ni mimi, na kwa kuwa hawezi kuniambia, kamsimamisha mtoto mwenye jina langu uani, karibu na dirisha langu, ananisema kupitia kwake. Nilimwonea mtoto huruma kidogo. Lakini nilijionea huruma mwenyewe zaidi, na hasira ikapanda juu ya huruma. Mwanangu anaziba matairi juani, nyumba ni yake, halafu mimi nisemwe kama mbuzi?

Ikawa kila baada ya siku chache. "Jana nilikuambia nini? Usinywe maji mengi jioni, hukusikia?" Na jina. "Wenzako wanakushinda hata wadogo!" Na jina. Kila lilipotajwa mwili wangu uliruka. Nikaanza kupunguza kula. Nikaacha maji kuanzia alasiri, na mgonjwa wa sukari akiacha maji anajiua, najua, niliacha hivyo hivyo. Ikawa bado. Mwili hauna adabu. Nilikuwa nikiukaripia kama mwanafunzi mtoro na haukunisikia.

Basi nikajibu kwa lugha ninayoijua. Nikaenda sokoni nikanunua kanga. Wasiojua waelewe, kanga nayo ina jina lake, yale maneno ya pindoni, na mwanamke hanunui kanga kwa rangi tu. Ile niliyoichagua iliandikwa SINA MANENO, NINA MWANANGU. Nikajifunga vizuri, maandishi nyuma, nikapita jikoni, nikarudi, nikapita tena kuchukua chumvi ambayo siihitaji. Mkamwana wangu akainua macho kutoka kwenye sufuria, akasoma, akatabasamu.

"Kanga nzuri hiyo, mama. Imekupendeza."

Kejeli iliyoje! Nilirudi chumbani nikaivua, nikaikunja, nikaketi juu yake. Jioni mwanangu akaja na mikono yake myeusi kwa mpira, akachuchumaa mlangoni.

"Mama, kuna nini? Huli."

"Nimeshiba."

"Umeshiba nini wakati hujala?"

"Nataka kurudi kwangu Mvumi. Nina nyumba yangu. Kuku wangu wanaliwa na vicheche."

"Mama Somo kakukosea?"

Ningesema nini? Ningesema ndiyo, angeniuliza kakukosea nini, na jibu lilikuwa kwenye begi chini ya kitanda. Nikamwambia mkewe hana neno. Akaondoka hajaridhika. Nikasikia wakiongea kwa sauti ya chini ukumbini, na yule binti akisema, "Sijui, mimi sijui, labda hapendi chakula changu." Nikasonya. Mwigizaji!

Nikapanga niondoke Jumapili. Ijumaa maji ya bomba yakakatika mtaa mzima. Jumamosi alfajiri nikaamka nimelowa, nikaenda bafuni, ndoo zote kavu. Nikasimama pale na shuka mkononi kama mwizi aliyekosa pa kutupa mali. Mwishowe nikalisokomeza nyuma ya pipa, pembeni ya bafu, nikasema nitalifua yakirudi. Nikaswali nimejifuta kwa tambara lenye maji ya kunywa. Mungu anajua hali yangu.

Kulipokucha vizuri nilikaa chumbani nachambua maharage kwenye ungo. Dirisha la pili la chumba kile linaelekea barabara ya mtaa. Mkamwana wangu sikumsikia akifoka siku hiyo, nikashukuru. Mara nikasikia watoto. Mwanzoni walikuwa mbali, kwenye nyumba ya fundi cherehani, wanapiga makopo na kuimba. Wimbo naujua, kila aliyekulia nchi hii anaujua, ule wa kumzungusha kikojozi mtaani. Zamani hata bondeni kwetu tuliufanya: mtoto akizidi kukojoa, wenzake wanamvika shuka lake kichwani, wanamfunga chura kiunoni, wanampitisha nyumba kwa nyumba mpaka aibu imtibu. Nikasema moyoni, masikini, mtoto wa nani huyo?

Kisha wakalitaja jina.

Ungo ukanimwagika. Nikasimama dirishani. Katikati ya kundi alikuwa somo wangu, amenyooka, kwa mwendo wa mtu aliyebeba maji. Chura hakuwepo. Shuka lilikuwepo, limekunjwa kichwani kwake, na ncha moja imeshuka mpaka shavuni. Lilikuwa la maua ya bluu. Lilikuwa langu. Ni lile nililolificha nyuma ya pipa alfajiri ile, lina mkojo wangu, halijaguswa na tone la maji. Watoto wanaimba jina letu, na yeye hakulia. Alikuwa anatazama mbele tu, kama anayesubiri jambo liishe.

Pale dirishani yote yakanifungukia kwa mpigo mmoja. Hakuna fumbo lililokuwepo. Mtoto huyu kaambiwa, "Umekojoa?" akasema, "Ndiyo." Akaambiwa tena, akasema tena ndiyo. Alfajiri zote zile nilipokuwa nikivua shuka, alikuwa macho, uso ukutani.

Wakapita mbele ya dirisha langu, wakaendelea kuelekea dukani. Sikutoka. Nasema ukweli, sikutoka. Nilishika nondo za dirisha na akili ikaniambia maneno laini sana: mtoto ni mtoto, kesho atasahau, wewe ukitoka hutaweza kuishi tena kwenye nyumba hii wala nyingine. Nikayasikiliza. Nilikaa kitandani, upande ule ule uliolowa. Wakafika dukani, wakageuza. Jina letu likaanza kurudi.

Nikatoka bila ushungi. Pale mlangoni mkamwana wangu amesimama na mwiko mkononi, macho mekundu, anatazama barabarani. Naye jambo lile lilikuwa linamuuma, niliona. Nikampita. Nikaingia katikati ya watoto, nikalitoa lile shuka kwenye kichwa cha somo wangu, nikaliweka kwenye kichwa changu. Lilikuwa la baridi. Maji yake yakanishuka shingoni.

"Aliyekojoa ni mimi," nikasema.

Mtoto mmoja akaangua kicheko, wote wakafuata, kicheko kile cha raha cha watoto wakimwona bibi anacheza nao. Bibi na mjukuu ni watani, nani asiyejua? Wakashangilia. Wakaanza kuimba upya, kwa nguvu zaidi, wakinizunguka mimi, na hawakuhitaji kubadilisha hata neno moja, maana jina ni lile lile. Mama wa jirani akapiga makofi barazani kwake. "Haya ndiyo mapenzi! Bibi anamsitiri mjukuu wake! Nani siku hizi ana moyo huo?" Mwingine akapiga vigelegele. Fundi cherehani akatoka na futi shingoni, akanisalimia kwa kuinama.

Nimewahi kuona aibu nyingi maishani. Ya kusifiwa vile, mkojo wangu ukinichuruzika mgongoni, sijapata kuiona. Nikasema tena, "Jamani, ni mimi kweli." Wakacheka tena. Nikasema mara nyingine kwa sauti ya darasani, ile iliyokuwa ikinyamazisha shule, na yule jirani akajifuta machozi akasema, "Huyu bibi ni mchekeshaji!" Mkamwana wangu akaja, uso umelegea kwa kutabasamu, akanishika mkono. "Mama, unamdekeza mno. Haya basi, yameisha, tumemsamehe."

Yameisha! Kila mtu alikuwa amenifungulia mlango nipite. Ningeingia ndani, ningeoga, ningekuwa bibi mwenye moyo wa dhahabu mtaa mzima, mpaka alfajiri nyingine.

"Njoo ndani, Mama Somo," nikamwambia.

Tukaingia chumbani. Maharage yametapakaa sakafuni, tukayakanyaga. Nikainama, nikavuta begi kutoka chini ya kitanda, nikafungua zipu, nikamwachia wazi. Sikumweleza. Matambara yalikuwemo, mengine makavu na magumu, mengine bado mabichi, na harufu ikapanda kati yetu. Akatazama begi. Akanitazama mimi, shuka bado liko kichwani. Ule mwiko ukamtoka mkononi.

"Mama."

"Ndiyo."

"Tangu lini?"

"Karibu tangu nilipokuja."

Akapiga magoti pale pale juu ya maharage. "Mimi nilikuwa namsema mtoto."

"Muda wote?"

"Nimseme nani mwingine, mama?"

"Ulikuwa unalitaja jina langu."

"Nilitaka aone aibu." Alikuwa analia sasa, anafuta pua kwa pindo la kanga. "Nilimwambia hilo jina ni la mama mkwe wangu, mwalimu, mtu msafi, halichafuliwi. Kila nikimuuliza anasema ni yeye. Nimemchapa, mama. Nimemchapa na fimbo, anasema ni yeye. Kwetu kambini walinizungusha hivyo hivyo nikaacha. Leo nilipolikuta shuka nyuma ya pipa nikawaita watoto, nikaona na yeye atapona. Nitafanya nini mimi? Nimefanya nini?"

Nilidhani nikishajulikana ataziba pua mbele yangu, au ataanza kunipa shikamoo ya kinafiki. Akasimama, akanyoosha mikono miwili, akalitoa shuka kichwani kwangu kwa taratibu kama anayemvua bibi harusi, akalikumbatia kifuani, kwenye nguo yake safi. Hapo ndipo nilipolia. Niliona aibu kuwa nilimdhania mabaya, niliona aibu ya mwili wangu, niliona aibu ya ile mara ya kwanza walipopita nikakaa kitandani, zote kwa pamoja, sikujua nilie kwa ipi.

Somo wangu alikuwa amesimama mlangoni. Nywele zimelowa, shavu lina alama kavu pale ncha ya shuka ilipogusa. Alikuwa amekasirika, ndita ziko usoni, ameshika kiuno.

"Somo, kwa nini umesema?" akaniuliza.

"Kwa sababu ni mimi, mjukuu wangu."

"Nilijua ni wewe. Mimi nilikuwa nimeshasema ni mimi."

"Kwa nini ulisema hivyo?"

Akanitazama kama ninavyojua kuwatazama wanafunzi wazito. "Mwalimu wetu alisema watoto wanakojoa wakiwa wadogo tu. Wakifika darasa la tatu wanaacha. Mimi ningefika darasa la tatu, ingeisha."

Mama yake akasema, "Bibi, nyamaza." Hakunyamaza. Hasira ilikuwa imemtoka, sasa alikuwa anauliza tu, kwa dhati, na kwa kuwa mimi ni mwalimu alijua nitakuwa najua.

"Wewe somo, utaacha ukifika darasa la ngapi?"

Nikatazama sakafu. Mama yake naye akatazama sakafu. Mtoto akabaki amesimama mlangoni anasubiri.